Pete ya Ndege na Bunduki ya Mgambo

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo kutoka huku Ruvuma inakoingia baharini, ambako mumeo sasa ni mtaalamu. Masika haya tunanasa ndege wadogo kwa nyavu, tunawavisha pete mguuni na kuwaachia waende zao Ulaya, ili wakinaswa huko ijulikane wametoka kwetu. Mzungu wetu, mtafiti wa ndege, anasema mikono kama yangu hajaiona.

Leo asubuhi nilikuwa nimeshika mmoja, pete tayari mguuni, akatokea mgambo na bunduki.

"Unampeleka wapi huyo?"

Unaujua mdomo wangu. Nikamjibu, "Nampelekea Mreno salamu." Na Mreno yuko ng'ambo ya mto, anapigana na wapigania uhuru. Bunduki ikanigeukia kifuani.

"Vua hiyo pete, jasusi wewe."

"Nikiivua mguu utakatika, kaka. Ni mwembamba kama njiti ya kiberiti."

"Nimesema vua."

Nikamweka ndege kiganjani mwake. "Basi vua mwenyewe."

Akamshika, akamsogeza karibu na macho.

"Mbona anatetemeka hivi?"

"Tuko wawili, afande."

Akaguna, akafungua kiganja. Ndege akaruka moja kwa moja kuelekea mtoni, kwa Mreno, nikajua nimekwisha. Kisha akageuka juu ya mikoko, akashika njia ya kaskazini. Mgambo alimtazama hadi akapotea, ndipo akashusha bunduki.

Majirani waambie nilisimama imara. Wewe na anayekusomea kadi hii tu ndio mjue kwamba alipoondoka niliketi matopeni.

Kula ushibe, mke wangu, na usiolewe na mwingine.

Mumeo,
Hamisi