Meno Mapya ya Pikipiki ya Baba

Majengo, Nyeri,
20 Machi 1973.

Mpendwa mdogo wangu Huseni,

Asalaam aleikum, wewe na mkeo Mwanasiti na kila anayelala chini ya dari lenu huko Kisumu. Hamjambo? Kile kikohozi chako kimekuacha, au bado unakunywa maji baridi kwa ubishi? Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, ila mvua imeanza mapema na Majengo yote ni tope. Jirani yetu Mama Waithira analalamika kwamba mlima haujaonekana wiki nzima, nawe wamjua, asipouona mlima hana raha hata ya kuwasha moto.

Baba hajambo. Hilo lisome mara mbili. Hajambo, tena ana makeke kama kijana, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu na kuacha cherehani.

Kwanza kaa chini. Unakumbuka Idi ndogo ulivyomfanyia baba hisani ya kumbadilishia oili ya pikipiki? Alikuambia ile bolti ya filta ikaze kwa vidole, kisha spana kidogo, basi. Wewe na misuli yako ya bandarini ukachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, ukavuta mpaka chuma kikalia. Ukajisifu, "Sasa haitavuja hata tone." Haya bwana. Ulipoondoka tu, baba akakuta dimbwi jeusi chini ya pikipiki. Tundu inamoingia bolti ile limechongwa kwenye injini yenyewe, na injini ile ni alumini, laini. Meno yote ya tundu uliyamaliza. Bolti ikawa inazunguka bure mle ndani kama kijiko kwenye kikombe cha chai.

Usianze kulia. Hatukukuandikia kwa sababu baba alikataza. Alisema, "Mtoto alikuwa ananisaidia. Mwacheni ale ugali wake kwa amani." Nawe, bila kujua, ukatuletea barua, ati baba ni mzee, auze hicho chuma chakavu apumzike! Wallahi nilitaka kukutumia lile bomba kwa posta.

Maana wajua pikipiki ile ni nini kwake. Tangu alipoinunua kwa yule mzungu wa shamba aliyefunga virago, ndiyo inayompeleka kuchinja Othaya, Kiriaini, mpaka Kangema. Wenye bucha ni Wakristo, lakini wanajua kisu kisiposhikwa na Mwislamu, madereva na wafanyabiashara wetu hawatagusa nyama yao. Kwa hiyo humngoja. Pikipiki ilipokufa akawa anapanda mabasi, anafika jua limeshapanda, ng'ombe bado amesimama na wateja wamenuna. Bwana Moffat Wamae wa Kiriaini, ambaye baba amemchinjia miaka yote, akaanza kumwita kijana mmoja wa Kangema. Mwishowe akatuma mtu aje aseme kwa heshima: arusi ya binti yangu ni Jumamosi, na fahali wawili wanachinjwa alfajiri. Mzee akiwahi, kisu ni chake kama zamani. Asipowahi, basi tumwache apumzike.

Baba akamsindikiza yule mjumbe mpaka njiani. Alikwenda kulala saa kumi za jioni. Huseni, baba yetu, saa kumi! Niliogopa kuliko nilivyoogopa mama alipougua.

Na mafundi walikuwa wameshashindwa. Mmoja aliizungushia bolti uzi wa katani, akaziba kwa sabuni ya kipande, kama vile ni tenki la petroli linalovuja. Injini ilipopata moto sabuni ikatoa povu, na baba akapanda kilima cha Gura akisukuma. Mwingine alileta bolti nene zaidi, lakini bolti lazima ipite katikati ya filta, na nene haipiti. Wa tatu alitikisa kichwa tu, akasema tutafute injini nyingine Uingereza. Uingereza! Kama vile ni sokoni hapa.

Sasa sikiliza akili za dada yako. Nilikuwa narekebisha koti la mteja lililoraruka tundu la kifungo. Nikajiuliza, hapa mimi hufanyaje? Siweki kifungo kikubwa. Nakata palipochakaa, natia kitambaa kipya, natoboa tundu jingine la kipimo kile kile. Koti nikaliacha juu ya meza, nikaenda mbio kwa Muriithi, yule anayekereza vyuma kwenye karakana ya kiwanda cha mbao. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Hiyo inawezekana, dada. Natoboa hiyo shimo ikuwe kubwa, nachonga meno, naingiza bushi, pete ya shaba iko na meno ya hiyo bolti yenu. Lakini lete shaba ya maana. Si hizi za mfereji."

Niliporudi na habari hiyo baba aliinuka kitandani. Akafungua sanduku la marehemu mama, akatoa lile jiwe la mizani la shaba, la ratili mbili, ambalo mama alikuwa akipimia mchele sokoni. Siku hizi za kilo halina kazi, lakini wajua hakuna aliyethubutu kuligusa. Nikamwambia, "Baba, hilo ni la mama." Akanijibu, "Mama yenu alinipimia kila kitu, hata maneno. Acha anipimie na oili."

Muriithi aliilaza pikipiki ubavu. Keekee, ile ya kutobolea chuma, akaipaka grisi ili chembe za chuma zinase humo, zisidondokee ndani ya injini. Anatoboa kidogo, anafuta, anapaka tena. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, roho mkononi. Meno aliyachonga kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila haraka. Kile kipande alichokikereza kutoka shaba ya mama kiliingia mpaka mwisho, akakipiga patasi ukingoni kisije kikafunguka. Tukasafisha kwa mafuta ya taa. Kisha baba akatia bolti kwa vidole. Kwa vidole, Huseni! Ikashika. Akamalizia na spana fupi, akaacha hapo hapo. Alipopiga teke, injini ilinguruma mpaka Mama Waithira akatoka na mwiko mkononi akipiga vigelegele.

Jumamosi nilikataa aende peke yake. Nilipanda nyuma, buibui nimelikunja, chupa ya oili mapajani. Kwenye mteremko wa Gura nikamsimamisha, nikapitisha kidole chini ya bolti. Kavu. Othaya, kavu. Baada ya hapo akakataa kusimama, ati namchelewesha. Tulifika Kiriaini ukungu bado umelala kwenye mashamba ya chai. Yule kijana wa Kangema ananoa kisu, na Bwana Moffat yuko nje na suti ya arusi na gambuti miguuni. Aliitazama pikipiki, akatazama saa yake, akasema, "Mzee Othmani, hata chai haijachemka!"

Na baba, wamjua alivyo, akamwita yule kijana aje kumshikia fahali, ajifunze. Ungeisikia Bismillahi yake ungedhani ana miaka thelathini. Nililia, sikufichi. Nililia mbele ya wakwe za watu na chupa ya oili mkononi.

Gauni la Mwanasiti liko tayari, mwambie asinenepe. Msalimie sana. Mama Waithira na Muriithi wanakusalimu. Mola awape afya na riziki, na akulinde na kazi nzito ya bandarini.

Baba ameniamuru niandike haya kama alivyoyasema. Ukija Maulidi, ukishuka Karatina usitafute gari jingine. Ngoja hapo, atakuja kukuchukua mwenyewe. Oili itakuwa imefika wakati wa kubadilishwa. Filta mpya ameshainunua, na hataki mwingine aifunge ila wewe.

Bomba la maji nimelificha.

Wako akupendaye daima,
Dada yako, Zabibu