Kila Ijumaa Mbele ya Abuya

Chechelesi,
S.L.P. 63,
Isiolo.
12 Novemba 1984

Mpendwa ndugu yangu Golicha,

Salaam aleikum. Natumaini huko Jidda mwili wako una nguvu na tajiri wako hakuchoshi na safari. Mgongo je, umepoa? Sisi tuko hai, alhamdulillahi, ingawa kiangazi hiki kimetumaliza. Ng'ombe wetu wa Kinna wamekufa wote.

Mkeo Kabale hali, halali, ndiyo maana kalamu nimeishika mimi. Kaa chini, ndugu yangu, usome polepole. Mwanao Duba yuko rumande.

Alipoingia kidato cha pili alianza kutoroka darasani na kushinda nyuma ya soko na vijana wa miraa. Wapo wengi kama yeye siku hizi. Mwalimu Karimi, mama wa Kimeru mwenye moyo, akaanzisha mpango pale shuleni: kila kijana anayepotea apewe mtu mzima wa kuzungumza naye kila Ijumaa. Akatuuliza Duba anamheshimu nani kuliko wote. Mimi na Kabale tukajibu kwa pamoja: abuya wake Abduba, kaka wa mama yake. Tukajiona werevu kweli.

Wewe unajua kwetu abuya ni nani. Laana yake inaogopwa kuliko ya baba. Mtoto hamtazami usoni, wala hamletei mambo yake. Basi kila Ijumaa Duba aliketi macho chini, Abduba akahubiri weee, kijana akaitikia ndiyo. Abduba akawa anatuambia mtoto amenyooka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi na akili zetu zote tukalisahau hilo.

Wiki mbili zilizopita wale vijana walivunja duka la nafaka. Mlinzi, mzee wa Kiturkana, alipigwa rungu akafa. Duba aliwekwa barabarani aangalie kama polisi wanakuja.

Mwalimu Karimi alikwenda kumwona, akamwuliza kama alijua mapema. Alijua. Walimwambia akikataa watamkata panga. Ijumaa ya kabla ya wizi ule aliketi mbele ya Abduba na jambo hilo tumboni, akaulizwa kama yuko sawa, akasema ndiyo, akaenda zake.

"Mwalimu," alimwambia, "kwa abuya mtu haongei. Mngenipa mtu wa kucheka naye, ningesema."

Nimelia, Golicha, na hasira pia ninayo. Mzee yule alikuwa na wajukuu. Abduba amejifungia ndani, hata msikitini haonekani.

Kesi ni mwezi ujao, na hakimu amesema anataka kumwona baba. Mwambie tajiri wako unavyojua, lakini njoo. Duba alikuwa amekataa kutuona sisi sote. Jana ndipo alipokubali nimpelekee shati, akaniuliza jambo moja tu.

"Baba ni mtu wa namna gani? Mtu anaweza kumwambia kitu?"

Ulimwacha akiwa na miaka minne. Nikamwambia nitakuandikia uje umjibu mwenyewe.

Kabale anakusalimu, na bibi Ado, na jirani yetu Istar anayetupikia siku hizi. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama kwa mwanao.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Abiba