Namba ya Duka

Kaka yangu mpenzi,

Huku tu wazima, na cherehani zote zinafanya kazi. Kinachotusumbua ni mtandao. Wateja hutuma picha za mishono, lakini picha hushuka hadi kwenye kola ikakwama. Juzi Shangazi alimwuliza Baba, "Sasa tuwe tunashona kola tupu?" Tulicheka sote isipokuwa Baba.

Kampuni moja tu ndiyo yenye waya unaofika mtaani kwetu. Huduma yake ni nzuri, ila inakuja na namba yake mpya ya simu. Ya zamani haihamishiki. Baba alimwambia wakala, "Mwanangu, namba hii haiondoki hapa." Wakala akadhani ni ukaidi wa uzee. Hajui kwamba tangu mlipogombana naye ukaondoka, simu ya mezani ikilia Baba huacha kitambaa chini ya sindano akaikimbilia.

Lakini wateja wanatukimbia, kaka. Jana nilitia sahihi mkataba wa kampuni ile bila kumwambia Baba, na tangu hapo moyo haunitulii. Laini ya zamani itakatwa mwisho wa mwezi. Tafadhali ipigie, hata mara moja tu, aipokee mwenyewe.

Akuwazaye daima,
Dada yako mdogo