Gari Lao Halilali

Victor, wewe uko huko Pito msibani, sikia: krrrr. Nilisikia sauti hiyo chini ya miguu yangu, halafu gia zote zikafa.

Tuko barabara ya Mwimbi, kilomita sita kabla ya Pito. Niko na Mzee Christopha, baba yake mchumba wangu Salome. Dada yake Mzee anazikwa saa tisa, na sasa ni saa nane.

Alitaka kupanda basi alfajiri, mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Baba, hii kampuni ya Kijapani ilianza kwa kufua majembe, ina miaka sabini, gari zake hazijui kuharibika." Mimi, kwa mdomo wangu. Fundi gari wa mtaa wa Majengo alishaniambia wenye gari hizi wote wanalilia gia, nikamwona ana wivu.

Mzee akashuka kusukuma. Victor, alisukuma akiwa na koti la msiba, na mbele ya macho yake lile shairi nililoliandika kwenye kioo cha nyuma. Akalisoma polepole: "Walianza na majembe, gari lao halilali."

Kisha akasema, "Hata babu zangu walifua majembe, Adriano. Hayakuwahi kunilaza njiani."

Akarudia tena, "Halilali."

Bora angenitukana.

Bodaboda wa Pito hawapokei simu, wote wako hapo msibani. Waombe ndugu wasubiri.

Mzee anafunga kamba za viatu, atembee na lile goti bovu. Nimeacha funguo ndani ya gari. Nimemwambia, "Baba, goti likikataa nakubeba mgongoni. Dada yako hafukiwi kabla hujamwona."