Ndoo ya Kabichi Imeshuka

Baba Malimi,

Nimekwenda sokoni na Sunhi, mgeni wetu Mkorea wa ile kampuni mpya ya pamba. Wali na mchicha nimefunika jikoni. Ng'ombe wakirudi, mfunge ndama. ~~Chinja jogoo.~~ Jogoo mwache! Mgeni hali nyama, na hajakudharau.

Juzi ulinuna alipokataa firigisi, ukasema ile kabichi yake aliyoivundika kwa chumvi na pilipili ni chakula cha mbuzi. Haya, leo asubuhi nimekuta ndoo yake imeshuka nusu. Kwa kukusitiri nikamwambia ni panya. Akacheka, akasema panya huyo alimwitikia salamu alfajiri, masharubu yamejaa pilipili.

Basi jioni kaa naye mezani, ule bila kujificha. Tumefuata kabichi ya panya.

Mama Malimi