Vidonge Nilivyoficha

Likoni, Jumanne

Nimekasirika, na wa kulaumiwa ni mimi.

Makala yangu ya kupinga wauguzi kuandikia wagonjwa dawa ilikwisha jana, kali kama nipendavyo. Leo nikaenda zahanati kupimwa presha, nikamkuta muuguzi peke yake, Sista Mbeyu. Kipimo kilitoka kizuri. Yeye akaigeuza pakiti yangu ya dawa, akasoma tarehe niliyopewa.

"Baba, hizi ni za mwezi mmoja. Mbona umezila miezi mitatu?"

Huwa nameza siku chache tu kabla ya kliniki, ili kipimo kipendeze. Daktari wa mjini, ng'ambo ya feri, hajawahi kuuliza. Hata mke wangu hajui.

"Zanikojoza," nikamwambia. "Nasimama kwenye mdahalo wa redioni, nusura nimbane mtu kwa hoja, kumbe aliyebanwa ni mimi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Simba wa redioni ashindwa na mkojo!" Kisha akanibadilishia dawa, akaiandika mwenyewe. "Wiki mbili urudi. Na usinidanganye tena, baba."

Angenituma kwa daktari, wallahi nisingevuka feri. Ningeendelea kumeza vidonge vya siku za kliniki tu, mpaka siku nianguke.

Na makala yangu yataka kitendo hicho hicho kipigwe marufuku. Wapo wauguzi wasiojua mipaka yao, hilo silifuti. Lakini niliandika bila kuwahi kuketi mbele ya hata mmoja wao nikasema kweli.

Mhariri aisubiri asubuhi. Sitaituma.

Hilo ni jepesi. Zito ni kumwambia mke wangu habari ya vidonge.