Usije Dodoma na Panga

Dodoma, Jumapili, mwisho wa Septemba. Mwaka wa pili unakatika tangu niondoke Newala.

Mdogo wangu Issa,

Marahaba, maana najua hata ukiwa na hasira shikamoo yangu huiachi. Mama anaendeleaje na mguu? Mikorosho imechanua? Mimi nipo, na jicho la kulia linaona. Naandika kwa sababu kwenye simu ulikuwa unapiga kelele tu, "Kaka, nitajie jina lake, panga nimeshalinoa!" kisha ukakata. Sasa tulia, usome mpaka mwisho.

Jina lake ni Masima, kwao Mpwapwa. Yeye ndiye mpulizaji rangi wa gereji yetu; mimi napiga msasa magari kabla hayajafika kwake. Nasugua puti tunayozibia bati lililobonyea mpaka bodi iwe laini, halafu nafumba macho na kupitisha kiganja, maana kibonde ambacho jicho halikioni, kiganja kinakigundua. Huku upepo na vumbi havipumziki, kwa hiyo Masima hupuliza alfajiri, na akipuliza hakuna kusugua karibu yake ila kwa msasa wa maji.

Siku ile bomba lilikuwa kavu. Msimamizi akanifokea, "Piga mkavu, mwenye gari anakuja!" Nikapiga. Vumbi la puti ni jeupe kama unga. Likaenda kutua lote juu ya boneti nyeusi ambayo Masima ndiyo kwanza alikuwa ameimaliza.

"Wewe wa Mtwara," akasema, "unanipepetea unga? Ngoja nikusongee ugali."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Akanipiga paji la uso na kile chombo cha kupulizia, cha chuma. Damu ikaniziba macho. Nami nilikuwa na kibao cha msasa mkononi, Issa. Nikampiga nacho mdomoni, akayumba, nikampiga tena, nikasikia taya likivunjika kama kuni kavu. Alipoanguka sikuacha. Akapapasa chini, akashika kopo la tina tunayoyeyushia rangi, akanimwagia usoni. Nililia kama mbuzi anayechinjwa. Watu walitutenganisha kwa mateke, wakatupeleka hospitali Mvumi kwa gari moja, tumelazwa nyuma bega kwa bega, damu yake na yangu zimechanganyika. Jicho la kushoto halitarudi. Yeye taya limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija.

Hayo ulishaambiwa, tena nusu. Sikiliza ambayo hukuambiwa.

Tumesharudi kazini wote wawili. Juzi ndugu zake Masima walikuja gereji na fimbo na mkuki, wananitafuta. Nilikuwa nyuma ya gari, nimeshika kibao kile kile, nasubiri kufa. Masima hawezi kusema. Akaenda getini akatandaza mikono.

"Toka hapo!" kaka yake akamwambia. "Amekuvunja kama chungu, bado unamlinda?"

Akatikisa kichwa. Wakamsukuma, akaanguka, waya ukamchana mdomo, damu ikamtiririka kifuani. Akajivuta, akalala kifudifudi katikati ya geti, kwamba anayenitaka apite juu yake. Kaka yake alilia, mtu mzima yule. Wakarudi Mpwapwa na fimbo zao.

Sisi hatukupeana mkono. Masima alileta ndoo ya maji, akaiweka kando yangu, akaondoka. Nikalowesha msasa, nikaanza kuisugua ile boneti nyeusi, maana ilikuwa bado inatusubiri.

Yeye wa kwake amewazuia. Wa kwangu ni wewe. Ukija na hilo panga utanikuta mimi nimelala getini, na utanikanyaga mimi. Lifyekee nyasi chini ya mikorosho.

Msalimie mjomba anayetutunzia shamba, na shemeji yako mwambie nampenda na asilie. Mama mfikishie shikamoo yangu, ila habari ya jicho niachie, nitamwonyesha mwenyewe.

Nitashuka Newala korosho za kwanza zikianza kudondoka. Njoo stendi unipokee, mikono mitupu.

Ni mimi kaka yako,
Mfaume